Kabla ya bibi harusi, anza na kunguru

Kunguru hana mwenyewe, haombwi ruhusa, na Dar es Salaam hakosekani. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akavukia bara, na leo kila jalala na kila ukuta wa mji ni wake. Watu wa mazingira wana haki ya kumlaumu. Mimi nina deni kwake, maana ndiye aliyenifundisha kupiga picha, na hakuwahi kunidai hata shilingi.

Jaribu hivi. Msogelee kunguru aliyetua ukutani mpaka ajae kwenye fremu, kamera ikiwa kwenye otomatiki, kisha piga. Ukitazama kioo utakuta manyoya yake meusi yamekuwa ya kijivu, sawa na ule ukosi wake, na ukuta nyuma yake umeungua kwa weupe. Kamera haijaharibika. Kipimo chake cha mwanga hakijui kunguru ni nini. Kimetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukikijumlisha, ni kijivu cha wastani. Kikikutana na kitu cheusi kinaongeza mwanga, kikikutana na cheupe kinapunguza.

Sasa mweke bibi harusi mahali pa kunguru. Shela imejaa kwenye fremu, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga. Shela inatoka kama imefuliwa kwa majivu na uso wa binti wa watu unazama gizani. Kosa ni lile lile la ukutani, limegeuzwa tu. Dawa yake ni kitufe chenye alama za + na −, ambacho wanaoanza wengi hukaa nacho miaka bila kukigusa. Kwa kunguru, au kwa bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, punguza kwa moja hivi. Kwa shela na kanzu, ongeza kati ya nusu na moja, halafu tazama kioo uone kama darizi za nguo bado zinaonekana. Zikipotea umezidisha. Simu nayo ina kitu hicho hicho: gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha telezesha kidole juu au chini.

Kwa ngozi zetu jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi maabara za kusafishia picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa Shirley kwa jina la wa kwanza wao. Uso wake ukitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa. Albamu nyingi za nyumbani za zamani zina mashangazi ambao ni meno na macho tu, na lawama ikamwangukia fundi wa studio. Kamera za leo zina nafuu kubwa, lakini uso mweusi kando ya nguo nyeupe bado unataka mpigapicha anayejua anachotaka. Pima mwanga kwa uso. Nguo itajitafutia.

Baada ya hapo kuna mambo matatu yanayokaa kama mafiga: kasi ya shata, upana wa tundu la lenzi, na ISO. Ukisogeza moja, chungu kinainama mpaka usogeze jingine. Shata ni muda. Mzee aliyetulia kitini anatosheka na 1/125 ya sekunde, anayecheza muziki anataka 1/250, swala anayetembea 1/500, na ndege anayeruka huwezi kumpata wazi chini ya 1/1600 au 1/2000. Tundu huandikwa kwa herufi f, na namba ndogo ndiyo tundu kubwa: f/1.8 inaingiza mwanga mwingi na kuufifisha usuli, f/8 inaingiza mwanga kidogo na kuacha vitu vingi vikiwa wazi kuanzia mbele hadi nyuma. ISO inakuza mwanga uliopatikana, na ukiipandisha sana picha inajaa chenga kama televisheni ya zamani yenye antena mbovu. Lakini kati ya chenga na ukungu wa mtikisiko, chagua chenga. Picha yenye chenga bado ina mtu ndani yake.

Nimewahi kuyasahau haya yote kwa wakati mmoja. Jumamosi nilishinda Mikumi nikifukuzana na ndege, nikarudi Morogoro mjini usiku nimechoka na nimeridhika. Jumapili asubuhi mpwa wangu alikuwa anapata kipaimara. Nikaingia kanisani na kamera ikiwa vile vile ilivyotoka porini: shata 1/2000, ISO nimeifunga chini kwa ajili ya jua la mbugani, fidia ya mwanga imepunguzwa kwa moja. Askofu akampaka mtoto krisma kwenye paji la uso. Ni tendo la sekunde chache. Nilipiga picha kumi na moja, na zote zilitoka kama zimepigwa ndani ya gunia. Dada yangu hakusema neno, na dada yangu si mtu wa kunyamaza.

Tangu siku hiyo, kamera hailali kabla ya kurudishwa nyumbani: shata 1/125, fidia sifuri, ISO otomatiki yenye kikomo cha 6400, betri kwenye chaji, kadi imehamishwa na kusafishwa. Ni kazi ya dakika tano. Ifanye usiku, maana asubuhi ya sherehe utatumwa barafu.

Vifaa visikutishe. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1943, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia, alianza akiwa mvulana Dar es Salaam na Box Brownie iliyokwisha kutumika, kamera ambayo kimsingi ni kiboksi chenye tundu. Ukiwa na fedha ya lenzi moja tu baada ya ile iliyokuja na kamera, swali ni je, familia yako ina sherehe nyingi kuliko safari? Kama ni hivyo nunua ya milimita 50 yenye f/1.8, ni nyepesi, ni ya bei ndogo, na inaona gizani. Kwa wanyama, zumu inayofika milimita 250 au 300 inatosha kuanzia. Kwenye kamera zenye kihisi kidogo, ambazo ndizo nyingi mtaani, 300 inakupa ukaribu wa kama 450. Ukinunua iliyotumika, mulika tochi kupitia lenzi: utando kama wa buibui ndani ya kioo ni ukungu wa unyevu, na hapa pwani ukungu huo ukishaingia hautoki kwa kufuta.

Mikumi naitaja kwa sababu ndiyo darasa la porini lililo karibu kwa watu wa Dar es Salaam na Morogoro. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, iko kilomita 280 na ushei kutoka Dar es Salaam, na barabara kuu ya Iringa inaikata kwa kilomita 50 hivi, kiasi kwamba abiria wa basi humwona twiga bila kulipa kiingilio. Usijaribu kupiga ukiwa ndani ya basi, utarudi na picha za kioo cha dirisha. Ingia getini, na uingie mapema. Huku kwetu karibu na ikweta jua halipandi kwa mshazari, linapanda wima. Mwanga laini wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi umekwisha kabla ya saa tatu. Ikifika saa sita hewa juu ya majani ya uwanda wa Mkata, humo humo hifadhini, inacheza kama maji, ndiyo mazigazi, na tembo aliye mbali atatoka laini laini hata kwa lenzi ya mamilioni. Wengi wamerudisha lenzi dukani kwa kosa la hewa. Saa hizo kale, ulale, urudi saa kumi.

Ndani ya gari zima injini kabla ya kupiga, kwa sababu mtetemo wake unafika mpaka kwenye lenzi. Shona kifuko cha kitambaa, ujaze maharage au mchele, ukiweke kwenye dirisha lililoshushwa na kamera juu yake. Hakuna kisimamio kinachokishinda ndani ya gari, na safari ikikwama unacho chakula. Lenzi ibadilishe vioo vikiwa vimefungwa, vumbi la Agosti halina huruma. Fokasi iweke kwenye jicho. Mnyama mwenye jicho lililo wazi anasamehewa hata mkia ukipotea, lakini jicho likifa picha imekufa. Na usisimame juu ya kiti cha gari: ukimpiga mnyama kutoka juu anakuwa mdogo, ukimpiga sawa na macho yake anakuwa mtu.

Subira ndiyo sehemu ngumu. Simba anaweza kulala saa ishirini kwa siku, kwa hiyo picha ya simba amelala anayo kila aliyewahi kupita getini. Usipige honi wala kugonga mlango ili ageuke. Ni kumsumbua, na sura anayokupa ni ya aliyekerwa. Badala yake sikiliza. Nyani akibweka juu ya mti, swala pala wakipuliza pua na wote wakitazama upande mmoja, elekeza lenzi huko huko, kuna jambo linakuja. Tembo akitanua masikio na kuinua kichwa, jambo limeshakuja na ni wewe: rudi nyuma taratibu. Kutoka nje ya njia kumfuata mnyama ni kosa hifadhini, na kushuka kwenye gari kunaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu. Ukirusha picha mtandaoni zima kile kipengele cha simu kinachoandika mahali ilipopigwa. Majangili nao wana simu.

Masikio hayo ya porini ndiyo nayatumia ukumbini. Nyani wa harusi ni MC. Kabla bibi harusi hajaingia, kabla keki haijakatwa, kabla ndafu haijaletwa na wajomba wanaocheza nayo begani, MC hutangaza, na tangazo lake linakupa nusu dakika ambayo wenye simu wote wanaipoteza kwa kupiga makofi. Ulipo wakati huo ndipo penye picha yako. Mfuate kabla ya sherehe umuulize ratiba, naye atafurahi, kwani hakuna anayemuuliza. Kama familia imeajiri wa picha za mnato na wa video, nafasi ya mbele ni yao. Simama ubavuni, uwapige wanaotazama: mama wa bibi harusi wakati binti anavishwa pete, watoto chini ya meza ya zawadi. Aliyeajiriwa hana muda wa picha hizo.

Mwanga wa ukumbini una hila zake. Ukielekeza flashi juu badala ya usoni, mwanga hurudi laini kutoka kwenye dari, ila dari iwe nyeupe. Ikiwa imefunikwa vitambaa vya zambarau vya mpambaji, wageni wote watakuwa zambarau, na hapo zima flashi uupokee mwanga wa taa ya mtu wa video. Taa nyingine za kisasa huleta mistari ya giza kwenye picha. Umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo rudisha shata kwenye 1/100 au 1/50 na mara nyingi mistari hutoweka. Kanisani muulize padre au katekista kama flashi inaruhusiwa. Kwenye sherehe za wanawake za pwani, kama singo na usiku wa hina, watu wamevua mitandio kwa kuwa wanajuana. Kama wewe ni mwanamume, kazi hiyo si yako. Kama ni mwanamke, muulize mama mwenye shughuli kwanza, na ujue kwamba picha za humo hazitoki humo. Watoto wa wenzako usiwatundike mtandaoni kabla wazazi wao hawajakubali.

Usiku huo huo hamisha picha sehemu mbili, kompyuta na diski ya nje, ndipo uisafishe kadi. Ukituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kupoteza ubora. Itume kama dokumenti. Na wachache wachapishie. Picha ya karatasi bado ina heshima, hasa kwa wale wanaoitazama simu kwa kuisogeza mbali na macho.

Mwaka jana nilimpelekea bibi picha sita za ubatizo wa kitukuu wake. Akazipanga mkekani, akamsifu mtoto, kisha akaiokota moja ambayo yeye mwenyewe alikuwa amekaa karibu na dirisha, khanga begani, anacheka na mtu aliye nje ya fremu. Niliipiga kwa 1/125, mwanga wa dirisha tu.

"Hii mjukuu wangu uniwekee vizuri," akasema. "Siku yangu ikifika msije mkahangaika na ile ya kitambulisho."

Faili lake kamili liko kwenye diski zote mbili, na jina lake nimeliandika kwa herufi kubwa.