Mikwaruzo ya Duara Juu ya Rangi ya Gari

Tazama gari jeusi lililooshwa mara nyingi, likiwa limesimama juani. Utaona nyuzi nyembamba zing'aazo, zimejipanga kwa duara kuzunguka taswira ya jua. Piga hatua moja kando: duara nalo husogea. Je, mikwaruzo yaweza kutembea? La hasha. Mikwaruzo imetulia mahali pake. Duara ni kazi ya nuru.

Asili ya duara

Uso laini huakisi miale sambamba kuelekea upande mmoja, kwa kuwa pembe tuo ni sawa na pembe akisi. Mkwaruzo ni mfereji mdogo ambao kuta zake hutawanya nuru kwa pande zilizokingama na urefu wake. Mikwaruzo imelala kila upande, lakini jicho hupokea nuru ya ile tu iliyokingama na mstari utokao kwenye taswira ya jua. Vipande hivyo vikikusanyika huonekana kama duara.

Jaribio: Chukua sahani kuukuu ya chuma kisichoshika kutu, uitazame chini ya balbu moja katika chumba chenye giza. Sogeza balbu, uone duara likiifuata. Kisha chukua rula ya plastiki yenye mikwaruzo, uipake tone la mafuta ya kupikia. Mikwaruzo itafifia, kwa sababu mafuta hupinda nuru karibu sawa na plastiki. Futa mafuta, nayo itarudi.

Chanzo chake

Mchanga mwingi una kwatsi, ambayo ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs. Rangi ya gari ni laini kuliko hiyo kwa mbali. Kitambaa chenye vumbi, basi, ni msasa mkononi mwa mwoshaji. Yafaa kumwaga maji mengi kwanza, ndipo kusugua.

Kuondoa si kufunika

Nta hujaza mifereji kama yalivyofanya mafuta juu ya rula. Ikiisha, mikwaruzo huonekana tena. Kupiga polishi kwa mashine ni jambo jingine: chembe ngumu, kama za oksidi ya alumini, hukata uso mpaka ulingane na kina cha mkwaruzo.

Hapa ndipo penye hatari. Magari mengi ya sasa yana tabaka angavu juu ya rangi, lenye unene wa takriban mikromita 40 hadi 50. Unywele wa binadamu ni takriban mikromita 70. Tuseme tabaka lina mikromita 45 na mkwaruzo una kina cha 3. Tukiuondoa, zitabaki 42. Tabaka hilo halioti tena, nalo ndilo linaloikinga rangi na miale ya urujuanimno. Kila mng'ao hulipiwa kwa unene.

Kasi na joto

Pedi ya sifongo yenye kipenyo cha sentimita 15 ina mzingo wa mita 0.471. Ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, ukingo wake huenda mita 11.8 kwa sekunde. Msuguano hugeuza nishati hiyo kuwa joto, na pedi ikikaa mahali pamoja rangi huungua. Mashine ambayo huzungusha pedi na papo hapo kuiyumbisha hutoa joto dogo zaidi, hivyo humfaa anayejifunza.

Fundi mwangalifu hufuata utaratibu huu:

1. Huosha gari na kulikausha.
2. Hupima unene wa rangi kwa kipimo maalumu.
3. Hufunika kingo za bodi kwa utepe, kwani hapo rangi ni nyembamba na mgandamizo ni mkubwa.
4. Huanza na polishi iliyo laini kuliko zote, juu ya eneo dogo.
5. Hufuta, kisha hukagua chini ya taa moja. Nuru iliyotawanyika huficha makosa.

Mkwaruzo unaonasa ukucha mara nyingi ni wa kina kupita kiasi. Heri kuuacha kuliko kulitoboa tabaka.

Maswali

1. Kwa nini gari lililolowa huonekana halina mikwaruzo?
2. Kokotoa kasi ya ukingo wa pedi yenye kipenyo cha sentimita 20 izungukayo mara 1,200 kwa dakika.
3. Tabaka la mikromita 45 hupungua mikromita 3 kila lipigwapo polishi. Litabaki na unene gani baada ya mara 5? Je, ungemshauri mwenye gari aendelee?