Kitabu cha Bure cha Kujifunza Programu: Tukipate Wapi?

(Somo la kusomwa kwa sauti katika mkutano wa kikundi. Mwenye simu ya Android aje nayo.)



Kijana akimaliza Form Four anaweza kuja nyumbani akisema, "Nataka kusomea programu za kompyuta." Hapo ndipo maneno huanza. Karo itatoka wapi? Mmoja anafikiria kuuza mbuzi, mwingine anaomba mkopo wa kikundi. Kabla hamjafungua sanduku, jueni jambo moja: kitabu kizuri cha kuanzia kinapatikana bure, tena kwa halali. Kwanza kijana ajaribu nacho, ndipo mzungumze habari ya karo.

1. LUGHA YA PROGRAMU NI NINI?

Kompyuta haielewi maneno yetu ya kila siku. Hufuata maagizo yaliyoandikwa kwa lugha maalum. Lugha moja inayofaa wanaoanza ni Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi, Guido van Rossum. Hailipiwi hata senti. Tazameni mfano huu wa kikundi chenye wanachama 20, kila mmoja akichanga shilingi 200:

wanachama = 20
mchango = 200
print(wanachama * mchango)

Neno "print" linaiambia kompyuta ionyeshe jibu. Nyota ni alama ya kuzidisha. Kompyuta itajibu 4000. Wanachama wakifika 23, badilisheni namba hiyo tu, jibu litakuwa 4600. Hiyo tayari ni programu.

2. KWA NINI MTU ATOE KITABU BURE?

Mwaka 1999 mwalimu mmoja wa Marekani, Allen Downey, alikosa kitabu cha kufundishia wanafunzi wake lugha nyingine iitwayo Java. Akaandika chake mwenyewe, akaruhusu kila mtu akinakili na kukirekebisha. Jeff Elkner, mwalimu wa shule ya sekondari huko Virginia, akakichukua na kukigeuza kiwe cha Python. Akamtumia Downey nakala. Kumbe Downey mwenyewe alikuwa hajui Python! Akajifunza kwa kusoma kitabu chake mwenyewe. Leo kitabu hicho kinaitwa Think Python. Baadaye Charles Severance wa Chuo Kikuu cha Michigan alikitumia kutengeneza kingine, Python for Everybody.

Ni kama mbegu. Jirani akikupa mbegu nzuri, unapanda, unachagua iliyo bora, nawe unampa mwingine. Mbegu haipungui.

3. HATUA ZA KUFUATA

(a) Chagueni kitabu kimoja tu. Hivyo viwili vinafaa. Kipo pia Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart, ambacho husomwa bure katika tovuti yake. Anayebeba vitabu kumi kwa simu mara nyingi hamalizi hata kimoja.

(b) Mtumeni mtu mmoja mahali penye intaneti: maktaba, shule au saiba. Apakue kitabu, halafu anakili kwa flashi au awatumie wenzake kwa Bluetooth. Bando linatumika mara moja, watu wote wanasoma.

(c) Wekeni programu ya kuandikia. Kwa kompyuta, Python yenyewe inatoka tovuti ya python.org. Kwa simu ya Android, iko Pydroid 3. Ikishawekwa, inafanya kazi bila intaneti.

(d) Someni pamoja. Vitabu hivi viko kwa Kiingereza, kwa hivyo anayekielewa afafanulie wenzake. Sura moja kwa juma inatosha, lakini kila mmoja aandike mifano kwa mkono wake. Kusoma bila kuandika ni kama kusikiliza habari ya jembe bila kulishika.

4. MJIHADHARI

Kwanza, kuna vitabu vya zamani. Mkiona neno "print" bila mabano mbele yake, hicho ni cha Python 2, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia mwaka 2020. Kiacheni. Tafuteni cha Python 3.

Pili, someni ruhusa iliyoandikwa kurasa za mwanzo. Vitabu tulivyotaja vinaruhusu kunakili na kugawa, lakini si kuuza. Mtu akiwauzia nakala ya Think Python kwa flashi, mwambieni hapana.

Tatu, mtu akija kuwauzia kozi na cheti, mwulizeni: ni nini utafundisha ambacho hakimo katika kitabu hiki? Mwalimu mzuri ana jibu, na anastahili malipo yake. Asiye na jibu, pesa za kikundi zibaki sandukuni.

Kitabu cha bure hakimpi kijana kazi siku ile ile. Kitaonyesha kama ana moyo wa kuendelea. Akifanya miezi mitatu bila kuchoka, basi hata mkopo wa kikundi utatolewa kwa macho mazuri.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani katika kikundi chetu ana simu au kompyuta ambayo vijana wanaweza kutumia kwa zamu?
2. Mahali pa karibu penye intaneti ni wapi, na nani atatumwa?
3. Ni hesabu gani ya kikundi tungependa vijana waiandikie programu kwanza?