Mbwa Akikataa Chakula: Usikimbilie Kumfungua Mdomo

Katika maboma mengi ya Kericho na Bomet, mbwa ndiye askari wa usiku. Analinda ng'ombe, kuku na watu, na malipo yake ni ugali uliobaki na maziwa kidogo. Siku akiacha chakula chake bila kukigusa, kuna sababu. Nyingine ni ndogo, nyingine inaweza kuua watu wa nyumba nzima.

Sababu zisizo za kutisha

Mbwa mkubwa mwenye afya anaweza kuruka mlo mmoja. Huenda ameshiba mzoga au mabaki aliyookota kwingine, chakula chake kimebadilishwa ghafla, au mtu aliyezoea kumlisha amesafiri. Jike aliye tayari kupandwa, na dume anayemfuata, wote wanaweza kusahau kula. Baadhi ya mbwa hupoteza hamu kwa siku moja hivi baada ya chanjo. Mbwa wa namna hii bado hunywa maji na kuchangamka akiitwa. Mwekee maji safi na umwangalie hadi kesho yake. Mtoto wa mbwa asingojewe, kwa sababu huishiwa na nguvu haraka.

Magonjwa ya kawaida

Kupe huleta homa kali. Mbwa hulegea, ufizi wake huwa mweupe au wa manjano, na wakati mwingine mkojo hufanana na chai isiyotiwa maziwa. Mwangalie ndani ya masikio, shingoni na katikati ya vidole.

Parvo hushambulia zaidi watoto wa mbwa wasiochanjwa. Huanza kwa kukataa chakula, kisha kutapika na kuhara damu yenye harufu kali. Bila matibabu ya haraka, wengi hufa katika siku chache.

Minyoo hufanya tumbo la mbwa mdogo kuvimba huku mbavu zikionekana. Jino bovu au kidonda cha mdomo humfanya asogelee chakula na kukiacha.

Sumu pia ni sababu: sumu ya panya, dawa za shambani, au dawa ya kuogesha ng'ombe iliyopakwa mbwa ili kuua kupe, naye akajilamba. Dawa hiyo isipakwe mbwa bila maelekezo ya daktari wa mifugo. Usimpe pia dawa za maumivu za binadamu, kwani baadhi yake humdhuru tumbo, figo au ini.

Hatari kubwa: kichaa cha mbwa

Wengi wanajua kichaa cha mbwa kwa mbwa mkali anayeuma ovyo. Lakini kuna mbwa mwenye ugonjwa huo ambaye hunyamaza. Hujificha gizani na kukataa chakula. Taya lake hulegea, mate humtiririka, sauti yake hubadilika na hushindwa kumeza. Ukimtazama, utadhani amekwamwa na mfupa kooni.

Hapo ndipo watu hukosea. Mwenye mbwa humfungua mdomo na kuingiza mkono kutafuta mfupa. Virusi vya ugonjwa huu vimo kwenye mate, na huingia mwilini kupitia mkwaruzo mdogo tu. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ugonjwa huu hauna tiba, na karibu kila anayeugua hufa.

Kwa hivyo, mbwa anayekataa chakula huku akitokwa na mate, au tabia yake ikiwa imebadilika, asiguswe. Waondoe watoto, mfungie ndani ya uzio ikiwa unaweza kufanya hivyo bila kumgusa, kisha mpigie afisa wa mifugo wa wadi yako. Akifa, usimzike kabla ya kutoa habari, maana huenda sampuli ikahitajika kupimwa.

Ukiumwa, ukikwaruzwa, au mate yakiingia kwenye kidonda:

• Osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15.
• Nenda hospitalini siku hiyo hiyo uanze chanjo. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.
• Maliza sindano zote ulizoandikiwa, hata kama kidonda kimepona.
• Mjulishe afisa wa mifugo ili mbwa huyo afuatiliwe kwa siku 10.

Kinga ni chanjo

Kenya imelenga kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030. Ugonjwa hukatika pale ambapo angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wamechanjwa. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Weka kadi yake ya chanjo mahali salama. Siku akikataa kula, kadi hiyo itakuwa kitu cha kwanza ambacho daktari wa mifugo atauliza.