Injini ya Noah: Sifa Zake na Magonjwa Yake katika Miinuko ya Songwe

Mgonjwa anayetolewa Kamsamba usiku kupelekwa hospitalini Vwawa, mama mwenye magunia ya mpunga anayewahi soko la Tunduma, na mwanafunzi anayerejea shuleni baada ya likizo, wote mara nyingi hutegemea chombo kimoja: Toyota Noah la umbo la zamani, ambalo mafundi hulitambua kwa alama ya SR40. Gari hilo lilianza kutoka kiwandani Japani mwaka 1996 na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2001. Kwa hiyo hata lililo jipya kuliko yote limekwisha kupita umri wa miaka 20. Kwamba bado linapanda vilima vya Mbozi kila siku ni sifa ya injini yake. Kwamba mengi huonekana yamesimama kando ya barabara, viti vya mbele vimeinuliwa na mvuke ukifuka, ni matokeo ya namna injini hiyo inavyotunzwa.

Injini ilivyoundwa

Noah la petroli hutumia injini iitwayo 3S-FE, ambayo Toyota iliitumia pia katika Carina, Corona, Camry, Ipsum na RAV4 za mwanzo. Ina silinda nne zilizopangwa kwa mstari na vali 16, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,998. Upana wa kila silinda ni milimita 86, na mwendo wa pistoni kutoka chini hadi juu ni milimita 86 vilevile. Ulingano huo huipa injini tabia ya wastani: haina pupa ya mbio, wala si nzito kama injini ya lori. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 130. Petroli huingizwa kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta, si kwa kabureta.

Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, nayo ndiyo siri ya maisha yake marefu, kwani kuta za silinda hulika polepole mno. Silinda hedi, hata hivyo, ni ya aluminiamu. Metali hizo mbili hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata moto, na kinachozishikanisha ni gasketi nyembamba. Injini ikichemsha, hedi hupinda, gasketi huungua, na maji hupata njia ya kuingia penye oili au ndani ya silinda.

Katika Noah injini haikai mbele chini ya boneti kama ilivyo katika gari dogo. Imelazwa chini ya viti vya dereva na abiria wa mbele, ilhali rejeta iko puani mwa gari. Maji hulazimika kusafiri katika mipira mirefu kwenda na kurudi. Fundi aliyemwaga maji na kuyajaza tena kwa haraka huacha hewa ndani ya mipira hiyo, na hewa hiyo huzuia mzunguko. Gari linalochemsha siku mbili baada ya kutoka gereji mara nyingi halina ugonjwa mpya. Lilijazwa maji bila kutolewa hewa.

Urefu wa nchi na mfuniko wa rejeta

Mji wa Tunduma uko takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na wepesi huo una athari mbili. Kwanza, injini hupungukiwa na sehemu ya nguvu zake, kati ya moja ya saba na moja ya sita, hata ikiwa nzima. Dereva aliyezoea gari lake pwani hudhani limechoka, kumbe linavuta hewa haba.

Athari ya pili ndiyo yenye hatari. Maji yaliyo wazi katika sufuria huchemka Dar es Salaam yakifikia digrii 100, lakini Tunduma huchemka yakifikia karibu digrii 95 tu. Injini ya 3S-FE hufanya kazi katika joto la digrii 80 na kitu hadi 95. Kama maji ya rejeta yangekuwa wazi kama ya sufuria, yangechemka katika kazi ya kawaida ya kila siku. Kinachozuia hilo ni mfuniko wa rejeta, ambao una springi inayoshikilia mgandamizo ndani. Mfuniko mzima wa kiwango cha 0.9 huyafanya maji yasichemke mpaka yafike karibu digrii 115. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, nafasi hiyo yote ya usalama hutoweka, na dereva haoni dalili yoyote mpaka afike mlimani.

Na mlima upo. Kamsamba iko katika bonde la Rukwa, ambako ziwa lenyewe liko mita 800 hivi juu ya bahari na joto la mchana ni kali. Gari linalotoka huko kuelekea Mlowo hupanda mamia ya mita likiwa katika gia ndogo, likienda polepole, upepo kidogo ukipita penye rejeta. Noah liliundwa kwa watu wanane. Likipakiwa watu 12 na magunia juu ya kichwa chake, injini huzalisha joto ambalo rejeta yenye kutu haiwezi kulitoa. Konda anayesema kwamba bado kuna nafasi ya mmoja huwa hajahesabu mlima.

Maji yenyewe yana sehemu yake. Maji ya kisima au ya mto yana chumvi na chokaa. Huiletea bloku ya chuma kutu na kuziba vijia vya rejeta. Kulanti iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo cha nusu kwa nusu huzuia kutu na hupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Wengi huiona kuwa ni anasa, nao hao hao hununua gasketi mara mbili kwa mwaka.

Temosta isitolewe

Katika gereji nyingi, tiba ya kwanza ya gari linalochemsha ni kutoa temosta na kuitupa. Hoja inayotolewa ni kwamba maji yatapita bila kizuizi. Kwa injini hii hoja hiyo ni potofu. Temosta ya 3S-FE ina kazi mbili: hufungua njia ya rejeta maji yakipata joto, na wakati huohuo hufunga njia ya mkato ambayo maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ikitolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto hurudi moja kwa moja ndani ya injini bila kupozwa, na gari huweza kuchemsha zaidi mlimani kuliko awali.

Hasara huendelea hata penye baridi. Asubuhi za Juni na Julai hapa ni za kuvaa makoti. Injini isiyo na temosta hukawia kupata joto. Kompyuta hudhani gari limewashwa sasa hivi na huendelea kuongeza petroli. Dereva hulalamika kwamba gari linakunywa mafuta, hubadilisha plagi na kusafisha nozeli, na ugonjwa haupatikani kwa kuwa uko mahali pengine kabisa.

Gari likichemsha, liegeshwe na lizimwe. Mfuniko usiguswe mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono, kwani mvuke ulio chini ya mgandamizo huchuna ngozi ya uso mara moja. Maji baridi yasimwagwe katika injini yenye moto. Huipindua hedi au kuipasua. Jambo jingine lisilofahamika sana ni kwamba mshale wa joto hupima maji, si chuma. Maji yakiisha kabisa, mshale huweza kushuka wakati injini inaungua, na dereva akaendelea na safari kwa moyo mweupe.

Mkanda wa taimingi na oili

Kamshafti huzungushwa na mkanda wa mpira, ambao desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000. Ukikatika, injini huzimika papo hapo, lakini katika 3S-FE vali hazigongani na pistoni. Hubadilishwa mkanda na safari huendelea. Injini nyingi nyingine hazina huruma hiyo. Mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, kwa hiyo ni busara pampu ikaguliwe wakati mkanda umefunguliwa. Oili inayovuja kutoka sili za mbele hudondokea mkanda na kuuozesha mapema.

Kuvuja kwa oili ni ugonjwa wa uzee wa kila 3S-FE, hasa penye gasketi ya kava ya vali, na si wa kutisha ukidhibitiwa. Moshi wa buluu asubuhi tu huashiria sili za vali zilizokauka. Moshi wa buluu wakati wote, hasa mlimani, huashiria ringi. Injini hubeba lita nne hivi za oili, na ikipungua lita moja bila dereva kutazama, ni robo ya kinga yake imekwenda. Deiwaka anayelichukua gari kwa siku moja ili apeleke hesabu jioni ni nadra kuvuta kijiti cha oili. Mwenye gari asimtegemee kwa hilo.

Kabla ya kununua

Vikundi vya vijana na vya wanawake vinavyokopa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na ambavyo hufikiria kununua gari la abiria, vinabeba deni litakalodaiwa hata gari likiwa juu ya mawe. Ukaguzi wa saa moja huweza kuokoa mkopo wote. Injini iwe ya baridi, mfuniko wa rejeta ufunguliwe, kisha gari liwashwe: mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi iliyoungua. Ute mweupe mwingi chini ya mfuniko wa oili ni dalili ya maji ndani ya oili, ingawa ukungu mwembamba asubuhi ya baridi si kitu. Muuzaji aliyewahi kuipasha injini moto kabla ya wanunuzi kufika aombwe aiache ipoe, kwa kuwa injini ya moto huficha moshi wa asubuhi.

Fundi mwenye geji ya kompresheni apime silinda zote nne. Kiwango cha kiwandani ni karibu kilo 12.5 kwa sentimita ya mraba, lakini kiwango hicho ni cha usawa wa bahari. Kwa urefu wa Tunduma injini nzima husoma kilo 10 na nusu hivi, na kuikataa kwa sababu hiyo ni kosa. Kinachotazamwa ni ulingano: silinda tatu zikisoma 10 na nusu na ya nne ikasoma 7, gari hilo lisinunuliwe kabla hedi haijafunguliwa, kwa gharama ya muuzaji.