Mzazi mzee huhitaji kushikwa mkono

Wengi wetu tunaoishi mijini huwatunza wazazi kwa simu. Tuseme mama yako ni mjane na anaishi peke yake Muthara, huko Tigania Mashariki. Kila mwezi unamtumia pesa za unga, dawa na kibarua wa shamba. Waweza kusema hakosi kitu. Lakini huenda wiki nzima ikapita bila mtu kumgusa, na upungufu huo pia huathiri afya yake.

Je, ngozi ina uhusiano gani na moyo? Katika ngozi yenye vinyweleo mna mishipa ya fahamu ambayo kazi yake ni kupokea mguso wa polepole, kama ule wa mama anayempapasa mtoto mgongoni. Mishipa hii hupeleka habari kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia. Mguso wa mtu tunayemwamini unaweza pia kupunguza kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi tunapokuwa na wasiwasi.

Mwaka 2006, watafiti wa Marekani walichunguza ubongo wa wanawake 16 walioolewa, huku wakiwaambia kwamba huenda wakapigwa shoti ndogo ya umeme. Mwanamke aliposhikwa mkono na mumewe, ubongo wake ulionyesha hofu kidogo kuliko alipokuwa peke yake. Mkono wa mtu asiyemjua ulisaidia, ila si sana.

Mwaka 2024, uchambuzi wa tafiti 137 zilizohusu watu karibu 13,000 ulionyesha kwamba mguso hupunguza maumivu, wasiwasi na huzuni. Kilicholeta nafuu zaidi ni mguso kurudiwa mara nyingi, wala si kuchukua muda mrefu. Kwa hiyo kumkumbatia mzazi Krismasi pekee hakutoshi.

Ufanye nini?

Ukifika nyumbani, msalimu kwa mikono yote miwili na usiharakishe kuiachilia. Korona ilipoingia nchini Machi 2020 tuliambiwa tusishikane mikono. Tahadhari hiyo ilifaa wakati ule. Isibaki kuwa mazoea.

Mpake mafuta mikononi na miguuni. Kama ana kisukari, utapata pia nafasi ya kuona vidonda ambavyo yeye hajavihisi. Binti au mjukuu anaweza kumsuka nywele. Mkitoka, mshike mkono njiani.

Usipoweza kwenda mara kwa mara, zungumza na ndugu au jirani wa karibu apite kumjulia hali, aketi naye, si kumwachia vitu mlangoni tu.

Tahadhari

Mguso hufaa ukikubaliwa. Muulize mzazi kwanza, na usimlazimishe mtoto kumkumbatia mtu yeyote, hata jamaa. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma usiukande, kwani huenda damu imeganda ndani. Mpeleke hospitalini haraka. Na mzee akiwa na huzuni kwa zaidi ya wiki mbili, akakosa usingizi au hamu ya chakula, amwone daktari. Mguso hausimami badala ya matibabu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kweli, endelea kutuma pesa. Lakini mkono huo huo, hata ukiwa mtupu, mama angependa kuushika.