Kizibo Kikatwe Ubao Uleule

Somo letu ni kuficha vichwa vya skrubu, wengine huita parafujo, kwa vizibo vya mbao. Ni kazi ndogo. Lakini sisi ilitunyima fedha.

Tulimtengenezea mteja mabenchi ya mninga. Vizibo tulivikata kwenye mbao mbichi, maana mbao mbichi ni laini, haisumbui patasi. Siku ya kukabidhi yalipendeza kweli. Kiangazi kilipofika, vizibo vilikauka, vikasinyaa, vikaanza kudondoka kimoja kimoja. Mteja akakataa kumalizia fedha mpaka turudie kazi. Alikuwa na haki.

Basi chagua mbao iliyokauka vizuri. Bora itoke kwenye mabaki ya ubao uleule wa benchi. Mninga hautoi rangi moja: mti huu mwekundu, ule kama asali.

Toboa kwanza tundu pana, upana milimita 12, kina milimita 10. Katikati yake toboa tundu jembamba la skrubu. Kaza skrubu mpaka kichwa kilale chini ya tundu pana.

Sasa kizibo, na hapa wengi hukosea. Huchukua kijiti cha mviringo, wakakikata vipande kama muwa, wakavipigilia. Ukifanya hivyo, kinachotazama juu ni zile nyuzi za mbao zilizokatwa. Hunywa vanishi nyingi, hugeuka nyeusi, na tundu ulilotaka kulificha linakutazama kama jicho! Kizibo kizuri hukatwa ubavuni mwa ubao, ili nyuzi zake zilale juu kama nyuzi za benchi. Pata ubao wa unene wa milimita 10, ukate vipande vya mraba vinavyozidi tundu kidogo. Bana kipande kwenye jiliwa, usikishike kwa vidole. Ondoa pembe kwa patasi, kisha zungushia tupa. Upande wa chini uwe mwembamba kidogo kuliko wa juu, ili kiingie kwa kubana.

Paka gundi kidogo tu ndani ya tundu. Weka kizibo, kigeuze mpaka mistari yake ifuatane na mistari ya ubao, kisha kigonge taratibu. Sauti ikibadilika ikawa nzito, acha. Kimefika. Kitabaki kimechomoza juu kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Ngoja mpaka kesho yake. Usikikate kwa pigo moja usawa wa ubao, kwani kinaweza kumeguka hadi ndani ya tundu. Ondoa kwanza ncha ya juu, utazame mpasuko unaelekea wapi. Ukiteremka, hamia upande wa pili. Endelea kidogo kidogo, malizia na msasa.

Je, skrubu ikilegea baadaye? Toboa kitundu katikati ya kizibo, ingiza skrubu nyingine nyembamba. Ncha yake ikigusa kichwa cha skrubu ya chini, wewe zungusha tu, kizibo kitapanda chenyewe. Ndiyo maana tumesema gundi iwe kidogo.

Yale mabenchi tuliyarudia kwa njia hii. Siku tatu nzima, bila malipo ya ziada, ndipo tukapewa fedha yetu.

Maswali
Kwa nini vizibo vyetu vya kwanza vilidondoka?
Tazama kiti au mlango wa nyumbani kwako. Kama una vizibo, nyuzi zake zinaelekea wapi?