SOMO: KUNUNUA KOMPYUTA NDOGO YA KIKUNDI



Katika ziara zetu vijijini tumeulizwa swali moja mara nyingi. Kikundi kimeweka akiba. Sasa kinataka kompyuta ndogo ya kubebeka, ya kuandikia mihtasari na hesabu za hisa. Inunuliwe ipi? Na huo mfumo unaoitwa Linux, unaotolewa bure, ni kitu cha kweli au ni maneno ya mjini tu?

Ni kitu cha kweli. Lakini fedha ya kikundi ni ya watu wengi, basi twende polepole.

Kompyuta bila mfumo endeshi ni kama trekta bila dereva. Chuma kipo, lakini hakilimi. Mfumo ndio unaopokea herufi unazobonyeza, unaozionyesha kwenye kioo na kuzihifadhi. Watu wengi wanaijua Windows, mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Linux ni mfumo huria. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland.

Huria maana yake nini? Hebu fikiria mbegu. Ipo mbegu ambayo kila msimu lazima urudi dukani. Ipo nyingine unayoweza kupanda, kuiweka, kumgawia jirani, hata kuichagua mpaka ilifae shamba lako. Linux ni hiyo ya pili. Ndiyo maana iko ya aina nyingi, kila moja na jina lake. Ubuntu ilitolewa mwaka 2004, na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu". Nyingine ni Linux Mint. Hiyo ndiyo tunayowashauri wanaoanza, kwa sababu haina mambo mengi, na inakuja na LibreOffice, yaani programu za kuandikia barua na kupangia hesabu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, iliyofuata, haikubali rasmi mashine nyingi za zamani. Kumbe mashine hizo bado ni nzima! Ukiziwekea Linux zinafanya kazi ya kikundi bila taabu. Kwa hiyo tunasema wazi: usione haya kununua ya mtumba.

Sisi wenyewe tulijifunza kwa kukosea. Tulinunua kwa ajili ya darasa letu kompyuta ndogo mpya, nyembamba, inang'aa. Tulipoweka Linux, waifai ilikataa kabisa. Tukasema basi, tutaongeza nafasi ya kuhifadhia, hilo la waifai tutalitafutia dawa. Fundi akaifungua, akacheka. Ramu na hifadhi vyote vilikuwa vimelehemewa kwenye ubao, havitoki wala haviongezeki. Hifadhi yenyewe gigabaiti 32 tu, nayo ilikuwa karibu kujaa. Wanakisomo walituuliza fedha yao imekwenda wapi, na hatukuwa na jibu zuri.

Tofauti ya vitu hivyo viwili ni hii. Ramu ni meza ya kufanyia kazi, na diski ni ghala. Meza ikiwa ndogo, kazi inakwama hata kama ghala ni kubwa. Kwa Linux Mint tafuta ramu ya gigabaiti 4, na ukipata 8 ni vizuri zaidi. Diski iwe ile isiyozunguka, mafundi huiita esesidi. Kompyuta ya zamani ikibadilishiwa diski hiyo huamka kama imepata damu mpya.

Tuchukue mfano mmoja wa mashine inayofaa: ThinkPad X230, iliyotoka mwaka 2012. Kioo chake ni inchi 12.5, inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Ramu yake inaongezeka hadi gigabaiti 16. Diski inabadilishwa kwa bisibisi, na betri inachomolewa kwa mkono. Haina urembo, ni nene kidogo. Lakini fundi anaweza kuifungua, na sisi tunalitazama hilo kuliko rangi. Ziepuke zile ndogo sana za mwaka 2007 au 2008 zenye biti 32, maana mifumo mingi ya sasa imeziacha.

Sasa jambo kubwa. Usinunue kabla ya kujaribu. Mwombe kijana anayejua akuwekee Linux Mint kwenye fleshi, uende nayo dukani. Kompyuta ikiwa imezimwa, chomeka fleshi, kisha iwashe. Kwenye ThinkPad bonyeza F12 mara inapowaka, uchague fleshi. Mfumo utafunguka kutoka humo, na diski ya muuzaji haiguswi mradi usibonyeze alama ya kusakinisha. Unganisha waifai kwa simu yako. Sikiliza sauti. Bonyeza kila herufi, moja moja, hata kama muuzaji anaguna. Funga kifuniko, kisha ufungue, uone kama inaamka. Chomoa chaji, kaa nusu saa, tazama betri imeshuka kiasi gani. Mashine ikidai nenosiri kabla hata mfumo haujafunguka, na muuzaji halijui, iache hapohapo. Huenda hata si yake.

Muuzaji akikataa fleshi yako, mshukuru, nenda duka la pili.

MJADALA WA KIKUNDI

Kijiji hakina umeme wa gridi, kuna paneli moja ya jua. Mashine ya kwanza ni mpya, betri yake inadumu saa sita, lakini ramu ni gigabaiti 4 isiyoongezeka na hifadhi ni 32. Ya pili ina mikwaruzo, ramu 8, diski 128 inayobadilishika, lakini betri inakufa baada ya saa moja. Bei ni sawa. Mtachukua ipi, na mtamuuliza muuzaji nini kwanza?